Chekeche na Chuya: Habari za Kuchuja Orodha Zilizomo Ndani ya Orodha

Lugha ya Kiswahili ina maneno mengi ya kutenga kinachotakiwa na kisichotakiwa, na kila neno lina chombo chake. Mchele hupepetwa kwa ungo, upepo ukachukua makapi. Unga huchekechwa kwa chekeche, laini ukapita na chenga zikabaki juu. Tui huchujwa kwa kifumbu. Na baada ya kupepeta kwisha, mpishi huketi na sinia lake akapembua: huokota chuya na vijiwe kimoja kimoja kwa kidole, kwa kuwa ungo haukuweza kuvitambua. Watu wasiozoea jiko hudhani kazi hizo zote ni moja. Si moja. Upepo hauulizi swali. Hupeperusha chochote kilicho chepesi. Chekeche huuliza swali moja tu, la ukubwa. Kidole cha mpembuaji huuliza swali lolote alilo nalo mwenye kidole.

Watunga programu za kompyuta, hasa wale wanaotengeneza kurasa za intaneti, wanayo kazi ya namna hiyo kila siku. Habari zinazosafiri baina ya kompyuta moja na nyingine aghalabu hufungwa katika orodha, ambazo wao huziita safu; na ndani ya orodha hiyo mna orodha nyingine, na ndani ya hiyo nyingine tena, kama visanduku vilivyotiwa kimoja ndani ya kingine. Orodha ya shule ina madarasa. Darasa lina wanafunzi. Mwanafunzi ana alama zake. Kila tabaka laweza kuwa na kisichotakiwa: nafasi tupu, jina lililoandikwa mara mbili, alama isiyopata kujazwa. Kuvitoa vitu hivyo bila ya kuharibu vilivyobaki huonekana kuwa jambo dogo, la kumalizwa kwa mstari mmoja. Lakini mstari huo mmoja ulichukua zaidi ya miaka sitini kupatikana, tangu 1958 hata 2019, na makosa yaliyofanywa njiani hayajaisha kufanywa.

Miongoni mwa machekeche ya fikra yaliyohifadhiwa tangu zamani, mashuhuri ni la Eratosthenes, mtu aliyezaliwa Kirene, katika nchi ya Libya ya leo, yapata mwaka wa 276 kabla ya Kristo, na ambaye baadaye alikuwa msimamizi wa maktaba kuu ya Aleksandria, Misri. Ndiye yule aliyepima mzingo wa dunia kwa kivuli cha jua. Njia yake ya kupata namba tasa ni nyepesi. Namba huandikwa mfululizo kuanzia 2. Mbili huachwa, na kila namba igawanyikayo kwa mbili hupigwa mstari. Kisha tatu huachwa, na vizidisho vyake hupigwa mstari. Kazi huendelea hivyo, na zile zisizopigwa mstari ndizo tasa. Nicomachus wa Gerasa, aliyeandika juu ya hesabu yapata miaka 100 baada ya Kristo, ndiye aliyetuachia habari ya njia hiyo, na aliita kwa neno la Kiyunani lenye maana ya chekeche. Hapa pana jambo dogo la kukumbukwa kwa ajili ya mbele: namba iliyopigwa mstari haiondoki mahali pake. Hubaki pengo. Tisa ikifutwa, kumi haisogei kuwa ya tisa.

Zamani hizo orodha ilikuwa ya tabaka moja. Taabu ya kitu kuwamo ndani ya kitu cha jinsi yake iliingia katika hesabu baadaye sana. Tarehe 16 Juni 1902 Bertrand Russell alimwandikia barua Gottlob Frege wa Ujerumani, akimwonyesha kuwa misingi ya kitabu chake ina ufa. Mtu akiruhusiwa kusema, "Nipatie seti ya seti zote zisizojichukua zenyewe ndani yake," basi seti hiyo ikijichukua haijichukui, na isipojichukua yajichukua. Frege alikuwa na juzuu ya pili ya kitabu hicho mikononi mwa wapiga chapa. Jibu lililokubaliwa na wengi lilitolewa mwaka 1908 na Ernst Zermelo, na jibu lenyewe ni la jikoni kabisa. Alisema kwamba haijuzu kuumba seti kwa sharti tupu. Yajuzu tu kutenga, kwa sharti, kutoka katika seti ambayo tayari ipo. Kwa maneno mengine, hakuna kuchekecha pasipo unga. Kanuni hiyo aliiita ya kutenga, na baada ya miaka sabini ilirudi katika kompyuta kwa jina la mwenyewe, kama itakavyosimuliwa.

Kompyuta za kwanza zilihifadhi namba katika visanduku vilivyopangwa kwa foleni, na orodha yenye orodha ndani yake haikuwa na makao ya asili humo. Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon walifungua njia mwaka 1956 kwa lugha yao ya kushughulikia orodha. John McCarthy alipoanza kutunga Lisp katika chuo cha MIT mwaka 1958, alichukua fikra hiyo akaipa umbo ambalo halijazeeka. Mashine yake ilikuwa IBM 704, na kila kisanduku cha mashine hiyo kilikuwa na sehemu mbili ambazo kila moja iliweza kushika anwani. McCarthy aliitumia sehemu ya kwanza kuonyesha kitu chenyewe, na ya pili kuonyesha mabaki ya orodha. Basi. Kitu chenyewe chaweza kuwa namba, au neno, au orodha nyingine; kisanduku hakijali. Kwa umbo hilo orodha ndani ya orodha ikawa kawaida, si ajabu tena.

Na pamoja na umbo ikaja njia ya kulitembelea. Katika makala yake ya Aprili 1960 McCarthy alieleza kazi zinazojirejea, yaani kazi ambayo katika kuelezwa kwake hujitaja yenyewe. Mtu anayetaka kutoa chuya katika orodha zilizopachikwa aseme hivi: shika cha kwanza, kama ni orodha, kifanyie kazi hii hii, kama si orodha, ulize kama kinatakiwa, kisha yafanyie mabaki kazi hii hii, orodha ikiwa tupu, simama. Maneno hayo machache yatosha kwa tabaka mbili, na yatosha kwa tabaka mia. Inasimuliwa kwamba McCarthy aliandika sehemu ya katikati ya lugha hiyo kwa ajili ya karatasi tu, na kijana mmoja katika kundi lake, Steve Russell, akasema atalitia lile andiko katika mashine. Mwalimu alimwambia kuwa anachanganya nadharia na vitendo. Russell alilitia, na likafanya kazi.

Lakini Lisp iliacha nyuma yake jambo jingine, ambalo lilikuwa rahisi siku ile na likawa ghali baadaye. Orodha tupu iliandikwa NIL. Na uongo, yaani jibu la "hapana," nao ukawa NIL. Vitu viwili vikapewa jina moja: bakuli lisilo na kitu, na jibu la kukataa. Kwa mtunga programu hodari ni wepesi mkubwa, kwani kuuliza "orodha hii ina kitu?" na kuuliza "jambo hili ni kweli?" huwa swali moja. Ila mchekechaji asiyekuwa mwangalifu hutupa bakuli akidhani ametupa uongo. Mwaka 1965 naye Tony Hoare, alipokuwa akitunga lugha ya ALGOL W, alitia ndani yake alama ya utupu kwa mahali pasipoelekezwa popote. Sababu, alieleza mwenyewe London mwaka 2009, ni kwamba ilikuwa rahisi kuitia. Katika hotuba hiyo aliita kosa lake la dola bilioni moja. Watu walicheka, lakini yeye hakuwa akifanya mzaha sana.

Katika miaka ya 1970, huko Palo Alto, wafanyakazi wa Xerox waliotunga Smalltalk walifanya jambo ambalo msomi wa lugha hulifurahia kuliko mhandisi. Waliipa kazi ya kuchuja majina mawili: "select" na "reject," yaani chagua na kataa. Kwa hesabu ni kazi moja iliyogeuzwa. Kwa binadamu si moja, kwa sababu neno la kuchuja lina utata katika lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Aliyechuja tui ametunza kilichopita na kutupa machicha. Aliyechuja majani ya chai ametaja kile alichokitupa. Katika siasa mchujo wa wagombea ni kuwaondoa. Lakini mgombea aliyepita katika mchujo ndiye aliyechujwa akabaki. Lugha za kompyuta zilizochagua neno moja la kuchuja ziliamua kwamba sharti likijibiwa "ndiyo" kitu hubaki. Wanafunzi wengi hulifikiri kinyume, na hakuna haki ya kuwalaumu. Wenye Smalltalk waliliona tatizo hilo mapema, na wenye Ruby, lugha ya Yukihiro Matsumoto wa Japani iliyotolewa 1995, wakarithi majina yote mawili.

Kanuni ya Zermelo ilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1977 Rod Burstall na John Darlington, katika lugha yao ya NPL, waliandika seti ndani ya programu kwa mtindo wa wanahesabu: kila kitu fulani, kilichomo katika seti fulani, chenye sifa fulani. David Turner alilichukua umbo hilo akalitia katika lugha yake ya KRC, akaliita kwa majina ya Zermelo na Fraenkel. Kutoka kwake lilipita katika Miranda mwaka 1985, kisha Haskell mwaka 1990, na Python ikalipokea katika toleo lake la pili, Oktoba 2000. Sharti la 1908 lilisafiri salama: maneno hayo hayaandikiki bila ya kutaja kwanza ni orodha gani inayochekechwa.

Mtandao wa intaneti haukurithi hayo yote mara moja. Mei 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitunga kwa siku kumi lugha ambayo mwishoni mwa mwaka ule iliitwa JavaScript. Alikuwa mpenzi wa Scheme, mtoto wa Lisp, na alitia ndani yake jambo kubwa la ukoo ule, yaani kwamba kazi ni kitu kinachoweza kupewa kazi nyingine mkononi. Lakini chekeche lenyewe hakulitia. Aliyetaka kuondoa kitu katika orodha alihesabu nafasi moja moja na kufuta kwa mkono, na katika kufuta hivyo kuna mtego ambao pengine kila mtunga programu amewahi kuutumbukia. Chukua orodha ya 3, 0, 0, 5, na amri ya kufuta sifuri. Hesabu inapofika nafasi ya pili hukuta sifuri, huifuta, na sifuri ya pili husogea kuziba pengo. Hesabu nayo husonga mbele hadi nafasi ya tatu, ambapo sasa imekaa 5. Sifuri iliyosogea haikuulizwa kitu. Imenusurika kwa sababu jirani yake alikufa. Wajanja walijifunza kutembea kinyumenyume, kuanzia mwisho, ili kinachosogea kiwe kimekwisha kukaguliwa. Eratosthenes hakupata taabu hiyo, kwa kuwa namba zake hazikusogea.

PHP, lugha iliyoanzwa mwaka 1994 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, ilipata chekeche mwaka 2001 katika toleo la 4.0.6. Chekeche hilo lina tabia mbili zinazostahili kutazamwa kwa makini. Ya kwanza ni kwamba huhifadhi namba za nafasi, sawasawa na Eratosthenes. Orodha yenye nafasi 0, 1 na 2, ikitolewa ya katikati, hubaki na 0 na 2. Ndani ya PHP yenyewe hakuna dhara. Lakini orodha hiyo ikifungwa ipelekwe kwa kivinjari, mfungaji huona pengo, huamua kuwa hii si orodha bali ni kamusi yenye funguo, na huifunga kwa mabano ya aina nyingine. Programu iliyo upande wa pili, iliyotazamia orodha, husimama. Tena husimama siku ile tu ambapo kitu kimetolewa katikati. Siku kilipotolewa cha mwisho mambo yalikuwa sawa. Ndiyo maana hitilafu hiyo huwachosha watu: huja na kwenda kama homa ya vipindi.

Tabia ya pili ni nzito zaidi. Chekeche la PHP likitumiwa bila ya kupewa swali, hujiulizia lake: je, kitu hiki chahesabiwa kuwa kweli? Na katika lugha hiyo vinavyohesabiwa kuwa uongo ni pamoja na utupu, maneno yasiyo na herufi, orodha tupu, namba sifuri, na hata herufi ya sifuri iliyoandikwa kama neno. Vyote hutupwa kwa pamoja. Ni upepo, si kidole.

Uzito wake waonekana katika darasa. Fikiria alama nne: 70, 0, nafasi tupu, na 50. Mwanafunzi wa pili alifanya mtihani akapata sifuri. Wa tatu alikuwa mgonjwa, hakuufanya. Mwalimu akichukua kalamu atajumlisha 70, 0 na 50, atagawanya kwa tatu, apate wastani wa 40. Programu iliyopepeta bila swali itatupa sifuri pamoja na nafasi tupu, itagawanya 120 kwa wawili, na itasema 60. Programu nyingine, iliyoiogopa nafasi tupu ikaigeuza sifuri, itagawanya kwa wanne na itasema 30. Darasa ni lile lile. Hakuna aliyedanganya, na hapana mstari wa programu uliovunjika. Aliyepata 60 atafurahi na kufunga daftari, ilhali mtoto mmoja aliyehitaji msaada kuliko wote ametoweka katika hesabu, na ametoweka kwa neno lililokusudiwa kusafisha. Badala ya alama za mtihani weka milimita za mvua katika kituo ambacho hakikupata mvua, au wagonjwa wa kipindupindu katika zahanati ambayo wiki hii haikumwona hata mmoja. Sifuri ya zahanati ni habari njema iliyopatikana kwa kazi. Kukaa kimya kwa zahanati ni jambo jingine kabisa, na huenda likawa baya.

Mwaka huo huo wa 2001 Douglas Crockford na Chip Morningstar walianza kutumia namna ya kuandika habari ambayo baadaye iliitwa JSON, nayo ndiyo iliyoufanya upachikaji wa orodha kuwa chakula cha kila siku cha mtandao. JSON ina namba, maneno, kweli na uongo, alama moja ya utupu, orodha, na kamusi. Na orodha na kamusi zaweza kuingiana bila kikomo. Lisichoweza andiko hilo ni kitu kujichukua chenyewe ndani yake. Amri ya kufunga habari hukataa orodha iliyotiwa ndani ya nafsi yake, na husimama kwa kosa. Russell angecheka.

Kufikia 2005 kurasa zilikuwa zikipokea habari bila ya kufunguliwa upya, na haja ya chekeche ndani ya kivinjari ilikuwa kubwa. Maktaba ya Prototype, ya Sam Stephenson, ilitoka mwaka ule ikiwa imebeba majina ya Ruby: chagua, kataa, na hata amri za kuondoa utupu na kubamiza tabaka. Novemba 2005 kivinjari cha Firefox 1.5 kilikuja na amri ya "filter" katika orodha zake zenyewe. Desemba 2009 amri hiyo iliingia katika toleo la tano la sheria za lugha, na Internet Explorer 9 ikaipokea mwaka 2011. Tofauti na ile ya PHP, hii haitumiki bila ya kupewa swali, na haigusi orodha ya asili: hutengeneza mpya, isiyo na mapengo. Mtego wa sifuri mbili ukazikwa.

Ila amri hiyo hutazama tabaka la juu tu, na hapo ndipo wengi hushangaa. Chukua orodha ya madarasa matatu: la kwanza lina 70 na utupu, la pili lina utupu na utupu, la tatu lina 50. Amuru kutoa utupu. Hakuna kinachotoka, kwa sababu katika tabaka la juu hamna utupu wowote. Mna orodha tatu, na kila orodha ni kitu. Ungo umetikiswa juu ya magunia yaliyofungwa. Lazima kuingia ndani kwa njia ya McCarthy. Ukiingia, darasa la kwanza hubaki na 70, la tatu na 50, na la pili hubaki ganda lisilo na punje. Je, ganda nalo litolewe? Aliyekagua madarasa kabla ya kuingia ndani alilikuta la pili lina vitu viwili, akaliruhusu. Anayekagua baada ya kutoka ndani atalikuta tupu. Kwa hiyo utaratibu huamua jawabu, na anayetaka maganda yaondoke hana budi kuanzia chini akipanda. Lakini kwanza ajiulize kama ni haki yaondoke, kwani darasa ambalo hakuna hata mmoja aliyefanya mtihani ni jambo la kumfikisha mkaguzi wa shule mlangoni, si la kufagiwa.

Na wala lugha hazikubaliani juu ya ganda. Orodha tupu katika PHP ni uongo. Katika JavaScript ni kweli. Herufi ya sifuri katika PHP ni uongo. Katika JavaScript ni kweli, ilhali namba sifuri ni uongo katika zote mbili. Ruby haiwafuati hawa: kwake sifuri ni kweli, neno tupu ni kweli, na amri yake ya kubana orodha hutoa utupu pekee na kuacha vingine vyote. Kwa maoni ya makala hii Ruby ndiyo iliyo karibu na kidole cha mpembuaji. Mtu anayeihamisha programu kutoka lugha moja hadi nyingine, akitafsiri neno kwa neno, huhamisha maneno na kuacha maana bandarini. Wafasiri wa vitabu wanaijua hali hiyo.

Sheria za 2009 zilileta pia njia nyingine, isiyojulikana sana, ya kuchuja habari wakati wa kuzifungua. Mfunguaji wa JSON hupewa kazi ambayo huitwa kwa kila kitu, kuanzia cha ndani kabisa akipanda juu, yaani ule utaratibu hasa unaotakiwa. Kazi hiyo ikijibu kwa kutofafanua kitu, kitu hicho huondolewa. Katika kamusi njia hiyo ni safi. Katika orodha huacha pengo, kwani mfunguaji hufuta bila ya kusogeza. Orodha ya 70, utupu na 50 hubaki na nafasi tatu, ya katikati ikiwa shimo. Na orodha hiyo ikifungwa tena kupelekwa kwingine, shimo huandikwa kwa alama ya utupu. Chuya aliyetupwa mlangoni amerudi dirishani, na amerudi na jina lake lile lile.

Lililobaki lilikuwa kubamiza: kuzichukua orodha za ndani na kuzimwaga katika moja. Jina la kawaida la kazi hiyo lilikuwa "flatten," nalo ndilo lililopendekezwa. Machi 2018, watu wa Firefox walipolijaribu katika toleo lao la majaribio, tovuti moja ikavunjika. Ilikuwa ikitumia MooTools, maktaba iliyotoka mwaka 2006, ambayo kwa desturi ya zama zake ilikuwa imejitilia amri yake yenyewe yenye jina hilo hilo katika orodha zote. Kisa chake ni cha ajabu kidogo. MooTools iliandika amri yake juu ya ile mpya, na kuandika kulikubalika. Lakini amri za asili za lugha zina alama ya kutohesabiwa pindi vitu vinapoorodheshwa, na ile iliyoandikwa juu yake ilirithi alama hiyo. MooTools ilipopita baadaye kukusanya amri zake ili kuzigawia sehemu nyingine ya ukurasa, haikuiona yake yenyewe. Chekeche lilimtupa mwenye chekeche.

Hapo mabishano yakawa makubwa. Wengine walisema tovuti za zamani zivunjike, wenyewe wazitengeneze. Jawabu la upande wa pili lilikuwa kwamba wenyewe wengine hawapo tena, na kwamba msomaji anayefungua ukurasa wa miaka kumi iliyopita hana kosa lolote. Michael Ficarra, mmoja wa waliotoa pendekezo, alileta kwa mzaha jina jipya, "smoosh," neno la kitoto lenye maana ya kufinyanga, na mzaha huo ukachukuliwa na wengi kuwa kweli, wakakasirika. Mei 2018 kamati ya lugha ilikata shauri kwa jina la "flat." Liliingia katika sheria za 2019, pamoja na ndugu yake aitwaye "flatMap," ambaye humruhusu mtu kuchuja na kubamiza kwa pigo moja: kitu kisichotakiwa hujibiwa kwa orodha tupu, na orodha tupu ikibamizwa haiachi hata ganda. Amri ya "flat" isipoambiwa kina, hushuka tabaka moja tu. Anayetaka ishuke hadi chini kabisa huipa neno la lugha hiyo lenye maana ya pasipo mwisho.